Maswali yenu: vijana wa roboti wakienda kufundisha madogo

Toleo lililopita tuliandika kidogo tu kuhusu wanafunzi wa sekondari wenye klabu za roboti ambao Jumamosi wanaenda shule za msingi za jirani kuwafundisha watoto sayansi na ufundi, nikadhani mtasoma na kupita zenu, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimejaa, zingine ndefu kuliko makala yenyewe. Nimechagua hizi, majina nimeyaacha kama mlivyoomba, urefu nimepunguza ila maneno ni yenu.

SWALI: Shikamoo Anko. Mimi niko kidato cha tano Moshi, tuna klabu ya roboti na shule ya msingi ya jirani imetukaribisha twende tukafundishe darasa la nne. Shida watoto wako 70, sisi tuko 10, roboti tunayo moja (ile ya kufuata mstari mweusi) na laptopu mbili, na tumepewa dakika 80 tu. Wenzangu wanataka tuonyeshe roboti alafu tueleze programu yake mstari kwa mstari. Mimi naona watoto watachoka. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wewe ndo uko sahihi, waambie wenzako nimesema mimi. Roboti ya kufuata mstari ni tamu kuangalia kwa dakika tatu, ya nne dogo ashaanza kumfinya mwenzake. Na programu ndo msiiguse kabisa siku ya kwanza, watoto 70 kwa laptopu mbili manake karibu wote wanaangalia migongo ya wenzao, alafu mnarudi nyumbani mnasema tumefundisha, na picha mmepiga.

Roboti iacheni kwenye begi mpaka mwisho. Anzeni na mmoja wenu awe roboti. Mfungeni kitambaa machoni, asimame mlangoni, darasa limpe amri mpaka afike ubaoni na kushika chaki. Sharti ni moja tu, anatii kile alichoambiwa na sio kile walichomaanisha. Watamwambia "nenda mbele" na yeye ataenda mbele hadi agonge dawati na ataendelea kulisukuma dawati coz hakuna aliyemwambia asimame. Watacheka sana, waacheni wacheke, baada ya muda mtasikia wameanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, "sema hatua nne!", "hapana, kwanza ageuke!", hapo ndo somo limeanza na hamjatamka neno gumu hata moja. Kisha wagawe makundi ya watoto saba saba, kila kundi na mkubwa mmoja wenu, waandike amri zao kwenye karatasi KABLA roboti hajaanza kutembea, alafu kundi lingine lizisome kwa sauti. Amri zitakosea, warudi kwenye karatasi watafute mstari upi ndo wenye kosa. Hiyo ndo kazi ya mtu anaeandika programu siku nzima, sema yeye analipwa. Wakishaweza ongezeni amri ya "ukigusa kitu, geuka kulia", hapo mshawafundisha sensa, yaani kile kifaa cha roboti cha kuhisi vitu, inafanya nini.

Alafu lazima kila mtoto ashike kitu na kukitengeneza. Nendeni kwa fundi simu muombe zile mota ndogo za kutetemesha simu, wengi wanazo kwenye kopo hawana kazi nazo. Chukua kichwa cha mswaki uliochakaa, bandika mota juu yake, unganisha na betri ndogo bapa ya volti 3, kichwa cha mswaki kinaanza kukimbia juu ya dawati kama kina akili. Watoto wawili mswaki mmoja. Sasa hapa ndo wakubwa wengi mnaharibu, mnaeleza mapema mno. Msieleze! Muulizeni mtoto kwanini kinatetemeka, mpeni mota mkononi aiangalie, ataona kile kichuma kimekaa upande mmoja tu wa mhimili na sio katikati, uzito hauko sawa ndo maana ikizunguka inayumba. Ukimwambia anasahau kesho, akikiona mwenyewe anaenda kumuelezea bibi yake. Kisha muulize afanye nini ili kiende moja kwa moja badala ya kuzunguka na umuache ahangaike, ainamishe nywele za mswaki, asogeze mota, aongeze kipande cha waya kama mguu.

Dakika 20 za mwisho ndo mtoe roboti. Na msiwachoree nyinyi njia, wapeni tepu nyeusi ya mafundi umeme kila kundi libandike kipande chake cha njia sakafuni. Kabla hamjaiwasha waulizeni, hapa kwenye kona kali itapita au itapotea? Wanyooshe mikono. Roboti ikipotea waelezeni kwa ufupi, chini yake kuna taa na kijicho, sakafu nyeupe inarudisha mwanga mwingi na tepu nyeusi inaumeza, roboti inakisia mstari uko wapi kwa hiyo tofauti, kona ikiwa kali inakuwa ishapita kabla haijageuka. Ndo wao waamue, wapunguze ukali wa kona au nyinyi mpunguze spidi?

Mambo mengine ya haraka haraka. Mwalimu wa darasa abaki ndani muda wote, nyinyi ni wanafunzi sio walimu. Picha za watoto ruhusa ya shule na wazazi kwanza. Nyinyi mnasoma kwa Kiingereza na hao madogo wanasoma kwa Kiswahili, kwahiyo fanyeni mazoezi wiki moja kabla kwa wadogo zenu nyumbani, pale mtakapokwama kueleza mjue hapo hamjaelewa vizuri hata nyinyi. Na rudini. Kwenda mara moja ni maonyesho, mtoto atakumbuka tu kwamba siku moja walikuja kaka na dada na roboti. Bora mkubaliane na mwalimu mkuu Jumamosi nne mfululizo hata kama watakuja watoto 20 tu.

SWALI: Jambo ndugu mwandishi. Niko mama wa Uvira lakini sasa tunaishi Ohio, Marekani. Kijana wangu ana miaka 16 aliingia timu ya roboti ya shule yake. Tangu mwezi wa kwanza anarudi nyumbani saa tatu ya usiku, na Jumamosi anaenda kwenye maktaba kufundisha watoto wadogo kujenga vitu na LEGO, hawamulipe hata dola moja. Baba yake anasema wanamutumikisha. Mimi sijui niseme nini.

JIBU: Mama pole na hongera kwa pamoja. Kwa hiyo ratiba unayoieleza nadhani kijana yuko kwenye mashindano yanayoitwa FIRST Robotics Competition, yale ya wanafunzi wa sekondari. Shirika la FIRST lilianzishwa 1989 na mgunduzi mmoja anaitwa Dean Kamen, na mashindano ya kwanza yakafanyika 1992 kwenye jimbo la New Hampshire ndani ya ukumbi wa michezo wa shule, timu 28 tu. Leo ni maelfu ya timu. Kila mwezi wa kwanza timu zote zinatangaziwa mchezo mpya siku moja, kutoka hapo ni mbio, wanachora, wanakata vyuma, wanaandika programu, wanajenga roboti la zaidi ya kilo 50 ambalo litacheza kwa kama dakika mbili na nusu kila mechi. Ndo maana unamuona saa tatu usiku, sio yeye tu Mama, Marekani nzima kuna wazazi wanapasha chakula saa hizo.

Sasa kuhusu Jumamosi, hapa baba mtoto anisikilize vizuri. Kwenye haya mashindano tuzo kubwa kuliko zote haiendi kwa timu yenye roboti kali. Zamani iliitwa Chairman's Award, siku hizi ni Impact Award, na wanaipata timu iliyofanya kazi kubwa kwa watu wa mtaani kwao, kufundisha watoto wadogo, kuanzisha timu mpya, kupeleka sayansi mahali haipo. Wanaandika maelezo, wanakaa mbele ya majaji wanahojiwa, na ushindi huo unaweza kuwapeleka fainali za dunia kule Houston hata kama roboti lao lilikuwa la kawaida tu. Aliyeutia moyo huo ndani ya mashindano ni marehemu Woodie Flowers, profesa wa chuo cha MIT cha Marekani, huyo alikuwa anasisitiza kwamba unashindana kwa nguvu zote na bado unamheshimu na kumsaidia unaeshindana nae, utaona timu inamkopesha mpinzani wake mota saa moja kabla ya kucheza nae. Ukiwa umezoea mpira wetu wa mtaani hutaamini.

Kwahiyo hatumikishwi, labda kama kuna mambo mawili. Muulize, je, na roboti unaligusa au kazi yako ni maktaba tu? Na je, pale maktaba kuna mtu mzima anaewajibika? Majibu yakiwa mazuri mwache aendelee, masaa ya kujitolea vyuo vya Marekani vinayaangalia na kuna ufadhili wa masomo ambao vyuo vimeuweka maalum kwa wanafunzi waliopita FIRST. Ila ningekuwa wewe ningefanya kitu kingine pia, wale wadogo zake wapeleke hiyo Jumamosi, si ni bure? Na umwambie siku moja afanye hilo darasa kanisani kwenu kwa Kiswahili kwa watoto waliofika juzi juzi ambao Kiingereza bado kinawasumbua. Alafu hizo timu huwa wazazi wanapeana zamu ya kulisha vijana, peleka mandazi siku moja ukae hapo uone wanachofanya, hofu ya baba itapungua akikusikia wewe unasimulia.

SWALI: Mwandishi, mimi ni mwalimu wa sayansi shule ya msingi mkoa wa Kigoma, kijijini kabisa. Umeme hatuna, kompyuta hatuna, hiyo timu ya roboti kuja huku ni ndoto. Makala zenu huwa zinaandikwa kwa ajili ya watu wa mjini. Watoto wangu nao wafanye nini?

JIBU: Mwalimu umenichapa na nimekubali, makala ile kweli ilinukia mjini. Ila sikubali kwamba huna pa kuanzia. Kesho saa ya mapumziko toka nje uangalie wale wavulana wanaoendesha magari ya waya. Angalia vizuri. Tairi ni za malapa yaliyokatwa, bodi ni waya au boksi, na kuna ule mti mrefu wenye usukani juu ambao mtoto akiuzungusha akiwa amesimama wima tairi za mbele zinakata kona kule chini. Hakuna mtu mzima aliyemfundisha hilo. Kupeleka mzunguko wa mkono mpaka kwenye ekseli (kile chuma kinachoshika tairi) ni ufundi halisi, na kwenye timu za mjini kuna madenti wana seti ya vifaa vya mamilioni na hawawezi kueleza inavyofanyika.

Tunachokosea sisi ni kuliacha gari nje kengele ikilia. Liingize darasani. Wape sharti, gari libebe mawe ya kilo moja kushuka kilima pale nyuma ya choo bila kumwaga, kila mtu achore kwanza kwenye daftari, ajaribu, apime kwa rula au kwa kamba limefika wapi, alafu abadilishe kitu KIMOJA tu na kujaribu tena. Hicho kipengele cha kubadilisha kimoja ndo kigumu, mtoto anataka kubadilisha tairi na ekseli na mzigo kwa mpigo alafu hajui nini kilichosaidia. Apake mafuta kwenye ekseli, apime. Aongeze upana wa tairi, apime. Msuguano, mteremko, kani, vyote viko kwenye silabasi yako na wote watakuwa macho.

Umeme kidogo ukiutaka upo pia. Malimau manne, kwenye kila moja chomeka msumari wa bati (ule wenye rangi ya fedha, umepakwa zinki) na kipande cha waya wa shaba, viunganishe mfululizo, kila limau linakupa karibu volti moja na kataa ka LED kekundu katawaka hafifu, funga madirisha ili waone. Mguu mrefu wa hiyo taa unaenda upande wa shaba. Alafu waulize umeme umetoka wapi, wote watasema kwenye limau! Sio kweli, umetokana na zinki inayoliwa taratibu, limau ni njia tu, hata kiazi kinafanya. Wakatae, wabishe, warudie na kiazi.

Na kama kuna mwalimu mwenye tableti au laptopu anayoichajia mjini, kuna Scratch, programu ya kuwafundisha watoto kuipa kompyuta amri, inapakuliwa mara moja na inafanya kazi bila intaneti, na ina Kiswahili ndani yake, unachagua kwenye kale kaalama ka dunia. Watoto wanapanga vipande vya amri kama matofali. Ilitoka MIT mwaka 2007 na mizizi yake ni kazi za Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria huyo, ambae tangu miaka ya 1960 alikuwa anataka watoto ndo waiamrishe kompyuta badala ya kompyuta kuwaamrisha wao, akawapa kobe wa roboti anaechora sakafuni kwa amri zao. Kwahiyo hata historia yenyewe Afrika imo. Na kule Lomé, Togo, mwaka 2013 Afate Gnikou alitengeneza printa ya 3D, ile ya kuchapa vitu vya umbo kamili, akitumia sehemu kubwa ya vyuma na mota za kompyuta na skana zilizotupwa. Jalala la mjini, kwako wewe ni stoo.

Timu nayo unaweza kuipata, ongea na mwenzako wa fizikia sekondari ya kata, akupe vijana sita wa kidato cha pili kila Ijumaa mchana. Wengi wao walikuwa wanaendesha hayo magari miaka mitatu iliyopita tu.

SWALI: Assalam aleykum. Mimi ni mzazi hapa Mombasa, binti yangu yuko Fomu Tatu na ni mmoja wa wasichana wanne katika timu ya roboti ya shule yao. Mwanzo nilifurahi, sasa naona kila wakienda kufundisha watoto wa primari wasichana ndio wanapelekwa, wavulana wanabaki na roboti. Mwalimu asema wasichana wana subira na watoto. Binti mwenyewe hasemi kitu lakini namuona roho imemshuka. Niseme na mwalimu ama niache?

JIBU: Waaleykum salaam dada. Nenda ukaseme nae, na ufanye hima. Hii barua yako ndo iliyoniuma kuliko zote coz hiyo ndo njia ya kistaarabu kabisa ya kumtoa msichana kwenye ufundi, hakuna aliyemfukuza, amepewa sifa ya subira na akaondolewa bisibisi mkononi. Mwisho wa mwaka wavulana wanajua kuunganisha mota na yeye anajua kupanga mstari watoto wa darasa la pili.

Na angalia hasara ya upande wa pili, wale watoto wadogo wanajifunza nini? Wanaona dada ndo wa kufundisha na kaka ndo wa mashine. Unataka msichana wa darasa la nne aone dada wa Fomu Tatu analifungua roboti, analitia mkono ndani, anatoa waya uliokatika, analirudisha na linatembea. Kuliona hilo mara moja kunashinda hotuba zote za kuhamasisha watoto wa kike.

Kwa mwalimu usiende na lawama, nenda na ombi la zamu. Kila mwenye kwenda kufundisha awe amefanya kazi kwenye roboti wiki hiyo, na kila anaefanya kazi kwenye roboti lazima aende kufundisha, wavulana nao wajifunze subira, kwani hiyo subira inauzwa duka gani wao wasipate? Na akikwambia wasichana hawapendi mambo ya vyuma mtajie timu ya wasichana wa Herat, Afghanistan. Mwaka 2017 walinyimwa viza mara mbili kwenda Washington kwenye FIRST Global, mashindano ya roboti ya timu za nchi mbalimbali, wakaruhusiwa dakika za mwisho na wakarudi na medali ya fedha ya ujasiri. Mwaka 2020 korona ilipoingia timu hiyo hiyo ikatengeneza mfano wa mashine ya kusaidia kupumua ya bei nafuu, na mota waliyoitumia ni ya waipa ya Toyota Corolla. Corolla, dada! Hapo Mombasa zimejaa tele.

SWALI: Mjukuu wangu wa miaka saba amerudi kutoka hayo mafunzo na kadi inayowaka taa, ndani kuna betri kama sarafu imeshikwa na solotepu. Nyumbani kuna mdogo wake wa mwaka na nusu. Nimeificha juu ya kabati, mama yake anasema nazidisha. Bibi, Zanzibar.

JIBU: Shikamoo bibi. Hujazidisha hata kidogo na huyo mama yake asome hapa. Betri ya kidonge mtoto akiimeza ikakwama kooni inaweza kuunguza koo ndani ya masaa mawili tu, sio kwa sababu imepasuka bali mate yanakamilisha njia ya umeme na hapo ilipogusa inatengenezeka kemikali inayochoma nyama. Hata ile iliyoisha isiyoweza kuwasha kitu bado inaweza kuunguza. Na mtoto anaweza asilie, akakohoa tu au akakataa kula mkadhani mafua.

Ukihisi kameza, hospitali hapo hapo, waambie ni betri ili apigwe eksirei haraka, usimtapishe, usisubiri atoe chooni. Kama ana zaidi ya mwaka mmoja na anameza vizuri, wataalamu wa sumu wanashauri asali vijiko viwili vya chai kila dakika 10 mkiwa njiani, mwisho mara sita, ila asali isiwe sababu ya kuchelewa kutoka.

Na nyinyi vijana wa timu, mnasoma? Betri za kidonge mnahesabu mnapotoa na mnahesabu mnapokusanya, HAZIENDI nyumbani. Mtoto akitaka kuondoka na kadi yake mtolee betri. Kwa wadogo chini ya miaka minane tumieni betri za rimoti kwenye kasha lake lenye skrubu. Betri za simu zilizovimba wala msizibebe, na msizitoboe kwa hali yoyote, zinawaka moto. Soketi ya ukutani haihusiki na darasa la watoto. Supaglu mnaishika nyinyi.

SWALI: Mtoto wangu ana mtihani wa kidato cha nne mwaka huu na bado anazunguka na haya mambo ya kufundisha watoto. Hivi NECTA (baraza la mitihani) itamuuliza roboti?

JIBU: Haitamuuliza mzee wangu. Ila itamuuliza umeme, nguvu ya kuzungusha, na mwanga, na hivyo vyote juzi kavieleza mbele ya watoto 40 wanaouliza "kwanini" mpaka mtu anatoka jasho. Mjaribu leo usiku, mwambie akueleze kwanini taa mbili zikiunganishwa mfululizo zinafifia. Akieleza ukaelewa wewe, muache. Akianza kukariri, mpunguzie, abaki na Jumamosi moja kwa mwezi. Kuanzia mwezi wa nane kwa maoni yangu watahiniwa wote wakae pembeni waachie kidato cha tatu, timu isiyoweza kwenda bila watu wawili wa kidato cha nne ina tatizo lake yenyewe.

SWALI: Kaka, niko Bujumbura. Tunataka kuanzisha timu, wazazi wengine wanakumbusha wale vijana wetu wa 2017 walioenda Marekani kwenye roboti wakapotea. Tunawajibu vipi?

JIBU: Muwajibu ukweli, kwa walio wageni na habari hiyo niiseme. Julai 2017 vijana sita wa Burundi, wa miaka 16 hadi 18, hawakuonekana baada ya mashindano ya FIRST Global pale Washington, polisi wakasema hakuna dalili ya ubaya na wawili walionekana wakivuka kuingia Kanada. Sina neno la kuwahukumu, nchi ilikuwa kwenye hali mnayoijua nyinyi kuliko mimi. Ila mzazi anayo haki ya kuogopa.

Ushauri wangu, timu isianzishwe kwa ajili ya safari. FIRST Global ni timu moja tu kwa kila nchi kila mwaka, mtoto mmoja kati ya maelfu ndo atapanda ndege, sasa ukiwaita watoto kwa jina la Washington au Dubai wengi utakuwa umewadanganya na utaona siku orodha ya safari ikitoka klabu inakufa. Waambieni wazazi mwaka wa kwanza wote ni hapa hapa, wakubwa wajifunze, wafundishe shule mbili za msingi, na mwisho wa muhula wazazi waalikwe waone watoto wadogo ndo wanaoendesha vitu na wakubwa wamesimama nyuma. Mzazi akishaona hilo mambo ya safari mtaongea baadae, na mtu mzima wa kusafiri nao wachague wenyewe.

SWALI: Shikamoo Anko. Mimi niko darasa la tano. Kaka zetu wa sekondari walitufundisha kutengeneza gari la mota mbili na betri. La wenzangu linaenda mbele, la kwangu linazunguka tu hapo hapo kama pia. Nimebadilisha betri mpya bado. Kwanini?

JIBU: Marahaba fundi! Likizunguka hapo hapo maana yake tairi moja inaenda mbele na nyingine inarudi nyuma. Linyanyue juu, liwashe, uangalie tairi zote mbili. Zima gari kwanza, alafu ile tairi inayorudi nyuma, nyaya mbili za mota yake zibadilishane nafasi, uliokuwa kulia uende kushoto. Umeme ukipita upande wa pili mota nayo inageuza mzunguko, betri mpya haiwezi kusaidia hapo.

Kama tairi zote zinaenda mbele lakini gari linapinda taratibu, hiyo ni kesi nyingine, labda mota moja ni dhaifu kidogo au kuna uzi umejisokota kwenye ekseli, au lile gurudumu dogo la mbele limekaa upande. Badilisha kimoja kimoja. Likigoma bado niandikie tena, useme linapinda upande gani na tairi gani ndo inazunguka polepole.